Askofu Cassian Spiss wa "Zanzibar Kusini": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kutoka kwa wanafunzi wa historia, watembeza wageni wa Mji Mkongwe, makatekista, na watu wa Unguja na Pemba waliokutana na jina la huyu askofu pahala wakashangaa. Yanaanza na mepesi na kuishia kwenye yenye ubishi. Jibu likiwa limeshatolewa kwengine, utaelekezwa huko.

## Misingi

1. Cassian Spiss alikuwa nani?

Alikuwa mmonaki Mbenediktini wa abasia ya St. Ottilien iliyoko Bavaria, lakini kwao hasa ni Tirol, Austria, alikozaliwa 1866. Alifika Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, akafanya kazi Uhehe, akaanzisha misheni ya Peramiho 1898, na 1902 akafanywa askofu. Aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 pahala paitwapo Mikukuyumbu, karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Alikuwa na miaka 39.

2. "Zanzibar Kusini" si ndiyo huko Makunduchi na Kizimkazi?

Siyo, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Cheo chake kilikuwa Vika wa Kitume (askofu anayeongoza eneo la misheni kwa niaba ya Papa) wa Zanzibar Kusini, lakini katika eneo lake lote hapakuwa na shamba hata moja la Unguja wala Pemba. Eneo lenyewe lilikuwa bara tupu: Dar es Salaam, Kilwa, Lindi, Uhehe, Ungoni, mpaka mto Ruvuma.

Chanzo ni neno Zanguebar. Katika ramani za Wazungu wa zamani neno hilo halikuwa jina la kisiwa, lilikuwa jina la mwambao mzima wa watu waliowaita Zanji. Roma ililichukua hivyo hivyo. Mwaka 1883 Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa na makao yao Unguja, walipewa Vikariati (eneo la vika) ya Zanguebar. Mwaka 1887 upande wa kusini ulikatwa wakapewa Wabenediktini wa St. Ottilien kuwa Prefektura (eneo la misheni la daraja la chini ya vikariati) ya Zanguebar ya Kusini, na 1902 ikapandishwa kuwa vikariati, Spiss akiwa askofu wake. Baadaye watu wakaanza kuandika "Zanzibar" badala ya "Zanguebar", na hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa.

Kwa hiyo ukisoma "Zanzibar Kusini" katika nyaraka za Kanisa kati ya 1887 na 1906, soma "mwambao wa kusini na bara yake". Visiwa vyetu vilikuwa upande wa pili, Zanguebar ya Kaskazini. Kwa mtu wa Unguja inachekesha kidogo, kwamba kisiwa kilichopewa heshima ya jina hakimo ndani ya eneo.

3. Mbona jina halikubadilishwa Mjerumani alipochukua bara?

Mikataba ya serikali na mipaka ya Kanisa haiendi pamoja. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani waligawana: visiwa vikawa chini ya ulinzi wa Mwingereza, mwambao wa bara ukabaki kwa Mjerumani. Roma haikuona sababu ya kubadili jina siku hiyo hiyo. Lilibadilishwa 1906, mwaka mmoja baada ya kifo cha Spiss, likawa Vikariati ya Dar es Salaam.

4. Basi ana uhusiano gani na Zanzibar hii tunayoijua?

Kwa makao, hana. Yeye alikuwa mtu wa Peramiho na Dar es Salaam. Tusimpambe kwa kumfanya Mzanzibari. Lakini nyuzi mbili zipo, na zote ni nzito.

Ya kwanza ni mlango. Misheni Katoliki ya sehemu hizi ilianzia Unguja, pale mapadre Wafaransa waliposhuka Desemba 1860, kisha Padre Antoine Horner na wenzake wa Roho Mtakatifu wakaja 1863, na 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Wabenediktini wa kwanza walipofika 1888 nao walipitia Unguja kabla ya kwenda Dar es Salaam na Pugu.

Ya pili ni watu, na hii husahauliwa. Spiss alifia katika nchi ya Wangindo. Wangindo, pamoja na Wayao na Wanyasa, ni miongoni mwa watu walioteremshwa kwa misafara mpaka Kilwa wakauzwa, na wengi wakaletwa kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, mpaka Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa 1873. Njia aliyopita askofu kutoka Kilwa kwenda ndani ni katika njia zile zile walizopitishwa mababu wa watu wengi waliopo visiwani leo. Walipita wakielekea pwani. Yeye alipita akielekea bara.

5. Nimeona "Askofu wa Zanzibar, 1905". Ni yeye?

Pengine siye. Mwaka huo walikuwapo watatu:

John Hine, askofu wa Kianglikana wa misheni ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), mwenye kanisa la Mkunazini lililojengwa juu ya soko la watumwa. Huyu ndiye aliyeitwa kwa kawaida "Askofu wa Zanzibar".

Émile Allgeyer, wa Mapadre wa Roho Mtakatifu, Vika wa Zanguebar ya Kaskazini, mwenye kanisa la Minara Miwili.

Cassian Spiss, wa Zanguebar ya Kusini, mwenye kanisa Dar es Salaam.

Kipimo chepesi: tazama lugha ya waraka. Kiingereza humwelekea Hine, Kifaransa Allgeyer, Kijerumani Spiss. Si sheria, ila hukosea mara chache. Na Minara Miwili na kanisa kuu la Dar es Salaam yote mawili yana somo (mtakatifu msimamizi) mmoja, Mtakatifu Yosefu, jambo ambalo limeshawapoteza watembeza wageni wengi. Lile la Dar es Salaam, lililokamilika 1902, ndilo la eneo la Spiss. Minara Miwili halikuwa lake.

## Kazi yake

6. Kabla ya uaskofu alifanya nini?

Alikuwa mtu wa kufungua vituo. Alikuwamo katika kuanzisha Tosamaganga, karibu na Iringa, wakati Mkwawa bado hajashindwa kabisa. Misheni hiyo baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilipita kwa wamisionari wa Consolata. Kisha akashuka Ungoni, na Julai 1898 akaanzisha Peramiho katika nchi ya Nkosi (mtawala wa Wangoni) Mputa Gama.

Kufungua kituo wakati ule kulikuwa na mpangilio wake. Unatafuta maji yasiyokauka, ardhi ya kulima, na ruhusa ya mtawala wa pale. Unajenga kibanda cha miti na udongo, halafu shule kabla ya kanisa, kwa sababu watoto ndio walioanza kuja. Chakula cha miezi ya mwanzo hubebwa vichwani, mpagazi mmoja kilo 25 hadi 30. Wabenediktini walijua useremala, uashi na kilimo, na mabruda ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ukitaka kuielewa Peramiho, usiangalie mapadre peke yao.

7. Ni kweli aliandika juu ya lugha?

Ni kweli, na pengine hiyo ndiyo kazi yake isiyosifiwa vya kutosha. Alikusanya msamiati wa Kihehe uliochapwa 1900, na 1904 ikachapwa kazi yake juu ya Kingoni na Kisutu, lugha ya raia waliotawaliwa na Wangoni. Maandishi hayo yako katika Kijerumani, na tahajia yake ni ya masikio ya Kijerumani: *z* usiisome kama ya Kiswahili, na *w* huweza kusimama badala ya *v*. Wanaisimu wa Kibantu huyarejea kwa sababu yanaonyesha Kingoni kabla hakijamezwa na lugha za jirani.

Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi: ya shule, ya wapagazi, ya kuzungumza na maakida, yaani mawakala wa serikali ya Mjerumani.

## Kifo

8. Ilikuwaje Agosti 1905?

Askofu alikuwa akienda kutembelea misheni za Ungoni. Walioandamana naye ni Bruda Gabriel Sonntag, Bruda Andreas Scholzen, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert. Masista hao ni wa shirika la Wabenediktini linalojulikana leo kwa jina la Tutzing. Walifika Kilwa kwa bahari, kisha wakashika njia ya miguu kwenda Liwale wakiwa na wapagazi.

Tatizo lilikuwa wakati. Upinzani wa Maji Maji ulianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, milima ya Matumbi, watu walipong'oa pamba ya serikali, na Kilwa ndiyo pwani ya Matumbi. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyetoa dawa ya maji, alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini kumnyonga hakukuzima kitu, maana wajumbe wa maji walikwisha kusambaa. Siku kumi baadaye msafara wa askofu ulikuwa Mikukuyumbu. Wapiganaji wakauzingira, na Wazungu wote watano wakauawa.

9. Walishambuliwa kwa sababu gani hasa?

Sababu za vita vyenyewe zinajulikana: kilimo cha pamba cha kulazimishwa katika mashamba ya pamoja, kodi ya kibanda ya rupia tatu kwa mwaka, viboko, na maakida, wengi wao watu wa pwani waliowekwa na Mjerumani juu ya vichwa vya watu wa bara. Wapiganaji waliahidiwa kuwa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya nyonyo yatageuza risasi kuwa maji.

Kwa mpiganaji wa Kingindo, msafara wa Wazungu watano na wapagazi ulikuwa msafara wa Wadachi, yaani Wajerumani. Mavazi ya kimonaki hayakumwambia kitu. Misheni nayo haikuwa nje ya utawala: ilitegemea ulinzi wa boma, na huko Ungoni padre mmoja wa Peramiho alikwisha kuchoma kibanda cha mahoka (mizimu ya mababu) cha Nkosi Mputa, kitendo ambacho hakikusahauliwa. Anayesimulia kifo cha askofu bila ya pamba, kodi na kile kibanda, amesimulia nusu.

10. Kwa hivyo ni shahidi wa dini au mhanga wa vita?

Hapa ndipo ubishi ulipo. Kanisa humpima shahidi kwa mambo mawili: aliyeua awe ameua kwa kuichukia imani au jambo linalotokana na imani, na aliyeuawa awe amekipokea kifo kwa ajili ya Kristo. Kuuawa ukiwa padre hakutoshi.

Upande wa waliouawa hauna taabu sana. Walikuwa katika safari ya kazi ya Injili. Upande wa waliouwa ndio mgumu. Wanaosema ni shahidi hutaja kwamba misheni nazo zilichomwa katika vita hivyo, kwa hiyo dini ilikuwa shabaha. Wanaokataa hujibu kuwa zilichomwa kwa sababu zilionekana ni mkono wa Mjerumani. Kwa maoni yetu hoja ya pili ina nguvu zaidi katika Mikukuyumbu kuliko katika Peramiho, ambako ugomvi wa mahoka ulikuwa wa dini waziwazi. Wabenediktini wenyewe wamemkumbuka kama shahidi tangu mwanzo. Hukumu rasmi ni jambo jengine (tazama swali la 13).

11. Waliokufa ni hao watano tu?

Hapana. Wabenediktini walianza kupoteza watu mapema. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, watu wa pwani walipompinga Mjerumani, misheni ya Pugu ilishambuliwa. Mabruda wawili na Sista Martha Wansing wakauawa, na wengine wakatekwa. Mateka walikombolewa kwa fidia baada ya Padre Étienne Baur wa Bagamoyo kuzungumza na Abushiri. Ni Pugu hiyo hiyo ambako baadaye Mwalimu Nyerere alisomesha.

Katika Maji Maji, Sista Walburga Diepolder alikufa katika shambulio la Nyangao, kama wiki mbili baada ya Mikukuyumbu. Septemba Peramiho ikachomwa na Padre Franziskus Leuthner akauawa. Misheni ya Waanglikana ya Masasi nayo iliharibiwa.

Na waliokufa wengi hawakuwa wamisionari. Wajerumani walilipiza kwa kuchoma vijiji na vyakula, njaa ikafuata. Makadirio ya vifo vya Waafrika ni kuanzia 75,000 mpaka 300,000. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu na wapiganaji wa Kingoni, Mputa akiwa mmoja wao, walinyongwa Songea. Wengi walibatizwa na padre Mbenediktini kabla ya kupandishwa kitanzini, na ubatizo huo bado unajadiliwa Ungoni kwa sauti ya chini.

## Heshima na ibada

12. Shahidi, mfiadini, Mwenye Heri: tofauti ni nini?

"Shahidi" ni neno la Kiarabu lenye maana mbili, anayetoa ushahidi na anayekufa kwa ajili ya dini. Waislamu na Wakristo wote wanalo, kwa hivyo Zanzibar ukisema "shahidi" bila ya kufafanua, msikilizaji atafahamu kwa dini yake. Ndiyo maana Wakatoliki wengine hupendelea "mfiadini". Yote mawili yanafaa.

"Mtumishi wa Mungu", "Mwenye Heri" na "Mtakatifu" ni vyeo vya kisheria na haviombwi kwa mapenzi. Cassian Spiss hajatangazwa Mwenye Heri, kwa hiyo usiandike "Mt. Cassian" ukimkusudia yeye. Yupo Mtakatifu Kasiano mwengine wa zamani, na jina hilo ndilo alilolichukua.

13. Mtu hutangazwaje shahidi?

Kesi hufunguliwa na askofu wa jimbo alikofia mtu, si alikozaliwa wala alikofanya kazi. Liwale imo katika Mkoa wa Lindi, kwa hivyo ya Mikukuyumbu ni ya Jimbo la Lindi, isipokuwa Roma ihamishe. Lazima ipite miaka mitano tangu kifo. Hapa imepita zamani. Askofu huuliza Roma kama kuna kizuizi, kisha huteua wanahistoria wakusanye kila andiko. Kwa kuwa hakuna aliyeona aliye hai, hii huwa kesi ya kale, inayosimama kwa nyaraka badala ya mashahidi wa mdomo.

Shahidi akithibitishwa, hahitaji muujiza ili awe Mwenye Heri. Unahitajika mmoja baadaye ili awe Mtakatifu. Kinachokwamisha kesi za namna hii mara nyingi ni lile la swali la 10: kuthibitisha nia ya aliyeua wakati maandishi yote ni ya upande mmoja.

14. Jumuiya yetu inaweza kuchukua jina lake? Na sala je?

Jina la somo, hapana. Kanuni ya 1187 ya Sheria za Kanisa inaruhusu ibada ya hadharani kwa Watakatifu na Wenye Heri peke yao. Kwa hiyo: usiweke picha yake altareni, usimchore na taji la mwanga kichwani, usiongoze novena yake kanisani. Kumwomba faraghani nyumbani ni halali. Kuliita darasa au maktaba kwa jina lake pia ni halali, maana hiyo ni kumbukumbu tu.

15. Tarehe 14 Agosti tunaweza kusoma Misa kwa ajili yake?

Nia ya Misa, ndiyo. Lakini siku hiyo ni kumbukumbu ya lazima ya Mtakatifu Maksimiliani Kolbe, kwa hiyo padre husoma Misa ya Kolbe kwa mavazi mekundu, na jina la Spiss hutajwa katika nia kama marehemu. Misa ya wafu haiwezi kuchukua nafasi yake siku hiyo. Jioni yake ni mkesha wa Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, na ikiangukia Dominika, Dominika hutawala. Wanaotaka Misa ya wafu kamili wachague siku ya kawaida iliyo karibu.

## Safari na utafiti

16. Nikitoka Unguja nitafikaje huko?

Kwa Peramiho: boti mpaka Dar es Salaam, kiasi cha saa mbili, kisha basi la Songea kupitia Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe. Ni kama kilomita 950, basi lala Dar es Salaam ili upande la alfajiri. Peramiho iko kilomita kama 25 magharibi ya Songea. Anayetoka Pemba aongeze siku moja. Wajulishe wamonaki mapema, na uheshimu saa za sala. Milango haifunguliwi kwa sababu umetoka mbali. Songea penyewe yapo Makumbusho ya Maji Maji, nayo usiyaache, maana ndipo utakapousikia upande wa pili.

Kwa Liwale: barabara ya kusini mpaka Nangurukuru, halafu unaingia ndani kiasi cha kilomita 230. Wakati wa masika usijaribu. Nenda kati ya Julai na Oktoba, na uanzie ofisi ya serikali ya kijiji kabla ya kuuliza habari za makaburi. Mtu anayeulizia mifupa ya Wadachi hushukiwa kuwa anatafuta hazina.

17. Nitafute vipi nyaraka zake?

Andika jina kwa sura zote mbili, Spiss na Spiß. Eneo lake litafute kwa Süd-Sansibar na Zanguebar, kwa sababu ukiandika "Zanzibar" pekee utaletewa Unguja. Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zinafaa kwa mazingira ya Maji Maji kama yalivyoonekana na ubalozi wa Mwingereza, siyo kwa maisha yake mwenyewe. Hayo yako St. Ottilien na Peramiho. Barua za wakati ule zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao hata Mjerumani wa leo huhangaika nao, kwa hiyo omba kwanza kama kuna nakala iliyopigwa chapa. Nukuu ya tarehe ikitofautiana kwa siku moja au mbili, mara nyingi moja ni ya tukio na nyengine ni ya siku habari zilipofika pwani.